Usimtume Ramazani

Salamabila, asubuhi ya siku ya soko

Kwa Yaya Faida, dada yangu mkubwa uliyenilea,

Salaam zangu zikukute umeshapanga chupa zako za mawese sokoni, na mgongo umekupa ruhusa ya kukaa wima. Lile jino, ulikwenda kuling'oa au bado unaliogopa? Na Ramazani, mdogo wetu, anakula vizuri? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii. Tangu jana nakaa nasimama, nakaa nasimama, hata mama anayetuuzia bugali na sombe ya majani ya mihogo ameniuliza kama nimekalia siafu.

Naandika haraka. Shabani wa pikipiki anafunga mizigo yake hapa mbele yangu, na ameshaniambia hanisubiri. Antena ya simu imekuwa bubu tangu ile mvua kubwa, kwa hiyo karatasi hii ndiyo mdomo wangu. Naanza na neno lenyewe, usije ukachoka kabla hujalifikia: usimtume Ramazani huku. Kama amekwisha kufunga mzigo, mfungulie.

Ujumbe wako Shabani alinifikishia neno kwa neno, tena mbele ya wenzangu, na sauti yako akaiiga: "Mwambie Assumani arudi Kasongo amalize masomo yake. Ramazani njo atakuja kushika nafasi yake mu shimo. Mutihani ya Serikali iko kila mwaka, itamungoja." Watu walicheka mpaka basi. Mimi nilicheka nao, na kusema kweli nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi, Yaya.

Maana unajua chuo kilivyotuita. Sisi tuliobakiza kazi ya mwisho, ile memwari, tuje tuitetee mwaka huu, kwa sababu mpango wa zamani wa masomo unafungwa. Atakayechelewa ataanza upya pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi. Kilimo chote nilichosoma, ile mihogo yenye ugonjwa niliyoikagua shamba kwa shamba kule Wamaza nikinyeshewa, itakuwa hadithi ya kusimulia tu.

Na sheria ya shimo letu unaijua pia, nimekulalamikia mara nyingi. Tunachimba miezi na miezi bila kuona kitu, na siku jiwe lenye dhahabu likifikiwa, wanagawana wale tu wenye nafasi kwenye kamba ya kushukia. Ukitoka kabla, umetoka, na jasho lako umewaachia wenzako. Ila ndugu wa damu anaweza kushika nafasi yako, na jiwe likija fungu ni lako, kana kwamba hukuondoka. Ndivyo ulivyopanga wewe: mimi darasani, Ramazani shimoni, na nyumba ya matofali niliyokuahidi inasimama. Nilitafuta kasoro katika mpango huo, sikuiona.

Basi jana nikaenda kwa mwenye shimo, ambaye huku kila mtu anamwita Pedeje. Nilimkuta anamenya ndizi.

"Pedeje, ndugu yangu anakuja kushika nafasi yangu."

"Iko mutu ya namna gani?"

"Anamaliza sekondari mwaka huu. Mu hesabu njo wa kwanza mu darasa."

"Sikukuuliza ile. Iko na mabega?"

"Iko nayo," nikasema. "Mapana kabisa. Gunia ya muchele anabebaka peke yake."

Pedeje akala ndizi yake, akaridhika. "Basi alete ile mabega."

Yaya, nilipotoka pale nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nimemsifia mdogo wangu kama mtu anayeuza mbuzi. Kidogo tu ningemfungua mdomo waone meno. Ramazani wetu! Yule anayepiga hesabu kwa kidole juu ya unga uliomwagika, mpaka unamfukuza jikoni. Ndipo nilipoanza hii kazi ya kukaa na kusimama.

Utasema ni kwa muda mfupi tu, nikishamaliza chuo atarudi. Wako wengi hapa waliokuja kushika nafasi kwa muda mfupi, na sasa wameota ndevu na wana wake. Mimi mwenyewe nilikuja kwa likizo, unakumbuka? Nilikuaga na begi dogo, nikakuambia usimpe mtu kitanda changu.

Na kuna jambo jingine ambalo hatujawahi kulisema nyumbani, labda kwa sababu tunakula sahani moja na tunaonana usoni. Mama alipofariki, Ramazani alikuwa bado ananyonya. Wewe uliacha darasa la tano, ukabeba mawese kichwani ili mimi niingie la kwanza. Hukulia, au ulilia mahali ambapo sikukuona. Sasa unataka Ramazani aache ili mimi nimalize. Na yeye baadaye atamtoa nani? Nimechoka, Yaya, kuona kwetu kila anayekaa kwenye dawati amemwinua mwingine. Safari hii kitu kiachwe, lakini asiachwe mtu.

Kwa hiyo nimeipanga mipango yangu upya. Pikipiki niliyokuwa naiota nimeiondoa, wala sikuumia sana, maana barabara yenyewe unaijua. Harusi itangoja, hata mchumba mwenyewe simjui. Nyumba yako ndiyo imenitesa. Niliiweka, nikaitoa, nikairudisha, mpaka alfajiri hii nikaitoa. Naomba usinichukie. Najua mvua inaponyesha unasogeza godoro kutoka pembe hii hadi ile, na najua ulikwisha kuwaambia majirani mlango utaelekea wapi.

Kulipokucha nikarudi kwa Pedeje, nikamwambia hakuna anayekuja, nafasi yangu ampe anayemtaka. Akaniangalia kama mgonjwa.

"Jiwe iko karibu, Assumani. Sikia vile nyundo inalia. Unatoka leo, kesho watu wanaimba."

"Basi na waimbe," nikasema.

Nilisema kwa kiburi tu. Ni kweli nyundo inalia tofauti siku hizi, hata mimi nimeisikia. Naogopa, Yaya. Naogopa nitakuwa Kasongo nimeinamia karatasi, na Shabani afike aseme wenzangu wamefika kwenye jiwe. Siku hiyo nifichie visu, kisha unipikie wali kwa samaki wa Nyangwe, usiniulize chochote.

Mimi natoka baada ya sala ya Ijumaa. Siwezi kupanda na Shabani leo, kwa sababu anayeondoka shimoni lazima ale na wenzake na kuagwa kwa dua. Ukitoroka, jiwe likikataa watasema umelifunga kwa uchawi. Nikifika, kabla ya kufungua kitabu chochote nitapanda juu ya paa na kuweka majani mapya, pembe zote, na wewe usimame chini unitukane kama kawaida yako. Meza tutagawana na Ramazani: yeye na mtihani wake, mimi na mihogo yangu. Nitalima asubuhi, nitaandika jioni. Ukitaka kuninunia, ninunie, lakini ukiwa na vijana wawili wanaosoma ndani ya nyumba.

Shabani amewasha pikipiki, anapiga honi kama ana wazimu. Nisalimie mjomba mshona nguo, mwambie suruali yangu ya chuo aitafute, huenda ikahitaji kupunguzwa kiuno. Nisalimie mwalimu wetu wa madrasa, na jirani yetu wa maandazi, asiache kumkopesha Ramazani tabasamu asubuhi. Ramazani mwambie mabega yake ayaweke mezani, juu ya daftari.

Na mwisho nisalimie yule msichana wa darasa la tano aliyenishika mkono mpaka mlango wa shule, akanipa kalamu yake, kisha akageuka. Mwambie ninarudi kuimaliza ile kazi, na siku ya kutetea, kiti cha mbele ni chake.

Mdogo wako,
Assumani