Mashini Haina Mdomo

Dada Odette mpenzi,

Amahoro kutoka Rumonge! Bado nacheka, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka.

Leo Tantine, shangazi yetu, ameonyesha wateja mashini mpya ya baa yake hapa ufukweni. Unabonyeza kitufe, nayo inamimina wiski yenyewe, kipimo sawasawa, bila mtu kugusa gilasi. Watu walipiga makofi, kisha hakuna aliyekunywa!

"Mama, hii kitu nani ameionja?" akauliza mvuvi mmoja.

Unajua kwetu: anayemimina ndiye huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Mashini itaonja na nini?

Wote wakamgeukia fundi aliyeileta. "Mie siwezi," akasema, "niko mulokole, pombe kwangu ni dhambi!"

Baa ikalipuka kwa kicheko, lakini wengine wakaanza kuinuka. Tantine, aliyeuza mtumbwi wake ili anunue mashini hiyo, alikuwa karibu kulia. Hapo nikasikia mtu akipaza sauti: "Tantine, onja weye! Mashini iko mutoto wako!"

Dada, alikuwa ni mimi! Mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha kidole.

Tantine akabonyeza, akanywa, akafumba macho. Kisha akaibusu mashini, na foleni ikafika hadi majini.

Sasa anaonja kila gilasi inayotoka, tone kwa tone, na ameanza kuimba nyimbo za harusi yake.

Nakukumbatia sana, wewe uliyeogopa kwamba huku sitasema na mtu.

Mdogo wako,
Divine