Dirisha la Nyuma la Chumba cha Kompyuta

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Mgongo wako vipi? Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza hali ukanijibu bei ya nondo. Mashine zako za kukatia vyuma zimeyamaliza hayo masikio, basi tuandikiane. Dereva wa lori la shule amekubali kutubebea barua.

Tangu nikabidhiwe chumba cha kompyuta, wanafunzi wananichezea shere. Leo nakuta vitufe vya kibodi vimeng'olewa na kupangwa upya viwe tusi, kesho vipanya vimekatwa mikia. Hayo ningeyavumilia. Kinachonitisha ni memori, kile kijibao kidogo kinachokaa ndani ya kompyuta. Nawasha mashine, haiwaki. Nafungua, ndani patupu.

Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu alitoka hapa katikati ya askari wawili. Mkuu wa shule ameniambia waziwazi, "Kikipotea kingine, mwizi ni wewe mpaka nione vinginevyo." Baba, naogopa. Nikisikia viatu koridoni najua wamenifuata. Njoo unifungie hiki chumba.

Mwanao,
Kifungua mimba wako

12 Februari

Kifungua mimba wangu,

Marahaba, mama. Mgongo unanung'unika kama kawaida yake, na masikio yamesusa kabisa. Sina ninachokosa, majirani wanaongea upuuzi tu.

Nitakuja mwisho wa wiki na grili za madirisha na vizimba vya kukalia hizo kompyuta zako. Mtu akitaka kuiba itabidi abebe meza nzima. Ila nina sharti. Dirisha la nyuma nitalitia bawaba na pini, lifunguke kwa ndani. Mimi sifungi chumba cha watu pande zote, hata mkuu wako akininunia. Na wewe kula, usije ukakonda kwa ajili ya vipanya.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kimekuachia. Kazi yako kila mtu anaisifu.

Sasa usinikasirikie. Ulipoondoka tu nilimwita fundi wa hapa, akalichomelea lile dirisha la bawaba. Kuna binti wa kidato cha tatu, wenzake wanamwita Spana kwa sababu hakuna skrubu inayomshinda. Alikuwa anaitazama ile pini kwa jicho nisilolipenda.

Siku hizi wakishaingia nafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nauvaa shingoni. Hatoki mtu mpaka nihesabu vipanya na kupapasa mifuko. Nikiitwa ofisini nawafungia kwa nje. Wanapiga kelele, "Mwalimu Kufuli, sisi si kuku!" Waseme watakavyo.

Na bado memori zinapotea. Zinapita wapi, baba? Mlango nimeukalia mwenyewe, madirisha ni chuma kitupu. Mkuu hanisalimii tena, ananitazama tu.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina mzaha. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na sijakaa mpaka sasa. Unawafungia watoto wa watu kwa nje, dirisha limechomelewa, na nyaya za umeme zimejaa humo ndani kama mizizi! Likatwe hilo dirisha leo. Kazi ikipotea utarudi nyumbani, tutakula kilichopo. Naogopa kuliko unavyoogopa wewe, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo, unanijua.

Baba yako

9 Aprili

Mwanangu,

Nimekosa hata salamu. Dereva alifika karakana, akanishika bega, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha lori: MOTO SHULENI. Nikamwuliza chumba gani, nani yuko wapi. Nikaona midomo yake inatembea, sikusikia kitu. Mwishowe akaandika kwamba aliuona moshi tu akiwa njiani.

Nimempa jirani simu akupigie, anasema hupatikani. Grili zile nilizipinda kwa mikono hii. Sijagusa chuma tangu jana. Barua hii anaichukua dereva huyohuyo. Niandikie hata neno moja, mama yangu, hata likiwa baya.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Wote wazima. Naanza na hilo ili upumue. Shikamoo. Simu yangu iliungua kwenye droo, na vidole vimefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Barua yako ya dirisha niliipata. Nikaiweka mfukoni nikasema nitalikata mitihani ikiisha. Siku ile mkuu aliniita, nikafunga kufuli kwa nje nikaenda. Soketi ya ukutani ikashika moto. Nilisikia mayowe nikiwa ofisini, nikakimbia, ufunguo ukagoma kuingia. Wanafunzi waliokuwa nje walikuwa wamenizibia tundu kwa kijiti cha kiberiti, utani wa kumkomoa Mwalimu Kufuli. Nikalivuta lile kufuli la moto kwa mikono mitupu. Ndani walikuwa wananiita, "Mwalimu, fungua!" Halafu wakanyamaza. Baba, ule ukimya bado nausikia.

Nilizunguka nyuma nikijua nitakachokikuta. Nikawakuta nje, kwenye nyasi, wanakohoa na kulia. Nondo mbili za dirisha zilikuwa zimelala chini. Zilikatwa zamani, Baba, na pengo likazibwa kwa sabuni na kupakwa rangi nyeusi. Memori zangu zilikuwa zinapita hapo. Spana alizisukuma zile nondo kwa goti, akawatoa wenzake mmojammoja, yeye akatoka mwisho nywele zikinuka moshi. Aliponiona hakukimbia. Alisema, "Mwalimu, nisamehe," nami nikamkumbatia. Yeye kaniibia vijibao. Mimi ningewaua.

Sasa mkuu anataka mambo mawili: jina la aliyekata zile nondo, na dirisha lichomelewe upya kabla wazazi hawajaja kukagua. La kwanza nimemjibu kwamba aliyefanya asitoke mtu chumbani mle ni mimi, basi aanze kuandika jina langu. Amesema nitajuta. La pili sijamjibu. Naogopa askari, naogopa hao wazazi, na kuliko vyote nauogopa huu ufunguo. Sijauvua. Nikiuvua nahisi nimewaacha ndani.

Nifanye nini, Baba?

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimelia mpaka jirani akaja kuchungulia.

Kesho napanda lori pamoja na dereva. Mbele ya mkuu tutakaa wawili, na yeye aongee kwa sauti, mimi sisikii. Ufunguo uvue, nipe mimi niubebe. Mashine ya kuchomelea naiacha nyumbani. Nakuja na msumeno.

Baba yako