Pengo Kwenye Mstari wa Matarumbeta

Edmonton, London

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu sana. Nisalimie mama yako, mdogo wako Baraka, na shangazi yako hapo Uvira. Huku babu yako anakohoa tangu baridi ianze, na mimi bado nafagia maofisini.

Umeuliza kama ni vibaya kupiga tarumbeta la marehemu baba yako na kusimama pale alipokuwa anasimama kwenye bendi. Wakati wangu, mwenzetu wa bendi ya kanisa akifa, nafasi yake mstarini iliachwa wazi. Kaka yangu alipofariki, tukawa tunapita mbele ya nyumba yetu na pengo lake. Mama akatoka analia, "Kila Jumapili mnanionyesha kaburi! Jazeni hapo!" Nikasogea na ngoma yangu, nikajaza pengo. Akatufuata mpaka kanisani.

Siku zile mbaya za vita zilipokuja, mapengo yakazidi watu, bendi ikanyamaza. Nashukuru mmeiamsha. Huku vijana wanapiga ngoma ya mashine, hakuna mstari. Na mimi mwanangu, baba yako, sikumzika.

Basi simama hapo, mama. Ila usipulize kwa nguvu sana, kifua chako nakijua. Mkishapita mbele ya nyumba yenu niandikie upesi, uniambie kama mama yako alitoka nje.

Bibi yako