Muhuri wa Tuinuane

Jumanne, 18 Juni 1996

Nimerudi kutoka Bariadi na muhuri! Uko hapa kitandani, nimeutandikia gazeti.

Fundi Marcelo anachonga kwa wembe, hana mashine. Kipande cha mpira kidogo tu, kama sabuni iliyokwisha. Na anaandika kinyume! T haina shida, U haina shida — lakini N, lakini E! Nilimwuliza anaonaje. Akasema yeye haoni, mkono ndio unaojua. Wembe ungeteleza kidogo, jina letu limekatika.

Akaugundisha kwenye mbao, akaubonyeza kwenye pedi ya wino, akaugonga kwenye karatasi. KIKUNDI CHA AKINA MAMA TUINUANE. Zambarau. Ile mikwaruzo ya kinyume imegeuka jina! Nilitaka kupiga vigelegele pale pale sokoni.

Masharti yake: nisiusafishe kwa mafuta ya taa, mpira utavimba. Maji ya sabuni na mswaki uliochakaa. Usipigwe na jua. Pedi ifunikwe kila mara. Wino niongeze kwa matone, nisimimine — ukizidi, herufi zinajaa, E inakuwa tofali.

Kama mtoto mchanga!

Jumatano, 19 Juni

Akina mama wamekuja kuuona. Mwenyekiti wetu, Mama Mektilda, alinawa mikono kabla ya kuushika. Hakuna aliyemwambia. Wengine wakafuata, foleni kwenye beseni.

Mama mkwe hajui kusoma. Akaomba nimgonge mkononi. Nikamgonga. Akautazama mkono wake muda mrefu.

"Mayu, mama yangu, hapa nimeandikwa mimi?"

Nikamwambia ndiyo, wewe na sisi wote. Machozi yakamlenga. Baadaye kaosha vyombo kwa mkono mmoja, ule mwingine kauinua juu!

Miaka yote tunalima sisi, tunapalilia sisi, tunachuma sisi. Pamba ikifika kwenye mzani wa chama cha ushirika, linaandikwa jina la mume. Sasa makampuni binafsi yameruhusiwa kununua. Wakala wa kampuni moja alituambia kikundi chenye muhuri ataandika jina la kikundi. Ndiyo maana tumeuchongesha.

Mimi ni katibu, kwa hiyo nautunza mimi. Nimeuviringishia kitambaa, nimeutia kwenye kopo la maziwa. Naogopa, kusema kweli.

Jumapili, 23 Juni

Kanisani mwili ulikuwepo, akili kwenye kopo. Kurudi, nakuta pedi niliiacha wazi jana. Imekauka! Nikatia matone. Ikanywa kama shamba linavyokunywa mvua ya kwanza. Nimegonga kwenye gazeti mara nyingi, kujaribu tu. Kila mara nashtuka.

Alhamisi, 27 Juni

Shemeji Kristofa amekuja asubuhi. Salamu za mwangaluka nyingi, kacheka na watoto, kisha akatoa karatasi mfukoni. Anapeleka dume mnadani na hana kibali. Anataka nimgongee.

Nikamwambia huu ni muhuri wa akina mama wa pamba, haujui ng'ombe.

"We gonga tu. Pale kizuizini barabarani hawasomi maneno. Wanaangalia wino."

Nikapigwa na baridi. Ni kweli kabisa! Kile kipande cha mpira kinaweza kumpitisha dume kizuizini, awe wake au awe wa wizi. Nguvu hiyo yote iko kwenye kopo langu la maziwa.

Nikakataa. Akaondoka hajaaga.

Mume wangu Ngusa aliporudi akauliza kwa nini nimemwaibisha mdogo wake. Nikamweleza. Kavuta sahani, kala.

Jumatatu, 1 Julai

Kristofa anazunguka kwa wanaume. Leo wanaficha muhuri, kesho wataficha pamba — ndivyo anavyosema. Mume wa mwenzetu Justina amemkataza asilete gunia lake. Justina kalia hapa kwangu.

Lori linakuja kesho. Nimeuosha muhuri. Kwa mswaki, polepole, herufi moja moja.

Jumanne, 2 Julai

Naandika hapa hapa kwenye mzani, nimekalia gunia.

Lori limefika. Wakala kaweka meza. Akina mama wote wapo — na Justina! Kabeba gunia kichwani, peke yake, mume nyuma yake anafoka njia nzima.

Gunia la kwanza lilipopanda mzanini, Kristofa akasimama mbele. Mashamba ni ya wanaume, akasema, kwa hiyo andika wanaume. Wanaume wengine wakaitikia. Wakala akaweka kalamu chini. Hataki ugomvi, kasema, tukielewana tumwite. Tusipoelewana anakwenda kijiji kingine.

Mama Mektilda hakubishana. Alikaa juu ya gunia lake. Wa pili akakaa. Sote tukakaa. Mama mkwe naye, katikati ya wanawe wawili waliosimama, akajikalia! Sijawahi kuona kitu kama hiki. Weupe wa pamba, na sisi juu yake.

Kopo liko mapajani. Kristofa analitazama. Dereva amewasha injini.

Na Ngusa? Yuko na wanaume, mikono nyuma. Sasa anakuja. Kristofa kamshika shati, naye kajinasua. Amesimama mbele yangu.

Tangu tuzae ananiita Mama Sayi. Hata akikasirika.

"Katibu," kaniambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Fungua hilo kopo."

Sijui anataka nini. Nimemfungulia; hakuugusa muhuri, kanionyesha meza ya wakala.