Rimoti ya Bibi Nyabwire

Jumamosi. Nyakato, Mwanza, miaka ya tisini inamalizikia. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kwa hasira, na mimi nimerudi kutoka Pasiansi nikiwa nimewadharau watu kadhaa, mmoja wao mimi mwenyewe.

Mzee Magesa aliniita nimuunganishie kidude. Huyu alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya umma. Kampuni ilipouzwa, ghala lilikwisha, ila funguo hazikumtoka kiunoni. Nyumbani kwake friji lina kufuli. Simu ina kufuli. Televisheni inaishi ndani ya kabati lake na hutolewa kupunga hewa saa ya taarifa ya habari. Kompyuta aliinunua kwenye mnada wa vitu vya ofisi, kuukuu, rangi ya meno ya mvuta sigara. Ameikaza kwa nati ndani ya kabati la chuma. Vilivyo nje ni skrini tu, juu ya kabati, na kibodi inayoning'inia kwa waya wake kama ulimi wa ng'ombe.

Kidude kililetwa na mkwewe anayeishi Uingereza. Kipande kimoja kinachomekwa nyuma ya kompyuta. Cha pili, chenye antena, kinachomekwa kwenye soketi ya ukutani, na taa inachomekwa humo. Ukibonyeza kibodi, amri inapita hewani bila waya, taa inawaka. Kulikuwa na rimoti pia, yenye vitufe viwili. Mzee aliitazama akaisukuma pembeni, kama mtu aliyenunua gari akapewa na kalenda.

Kesho baada ya ibada amewaalika wastaafu wenzake chakula, kwenye baraza la nyuma. Anataka wawe wanakula sangara huku wakiona taa inaitii kompyuta. Kuna watu wanastaafu kazi, kutamba hawastaafu.

Mama yake, Bibi Nyabwire, alikuwa amekaa barazani, mkono umefungwa bandeji. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa taa. Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi za kwenda chooni, uani, alfajiri. Swichi ya taa ya uani iko stoo. Stoo ina kufuli. Ufunguo uko kiunoni mwa mwanawe, kwa sababu swichi ikiachwa wazi watu watawasha hovyo. Bibi akasema kwa umri wake hawezi kumgongea mlango mtoto aliyemzaa, aombe ruhusa ya kwenda haja.

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaenda kwenye kompyuta.

Hili naliandika ili nisijidanganye. Rimoti niliijaribu asubuhi, kitu cha kwanza, na taa ikawaka. Kazi ilikuwa imekwisha kabla chai haijaletwa. Lakini mimi ni mtu niliyejifunza kompyuta peke yangu, kwa kitabu kilichopoteza jalada, na sikutaka kushindwa na mashine ya mnada. Kidude kinataka pini tisa, mashine ina ishirini na tano. Nikatoa kiunganishi kwenye mkoba, Mzee akafungua kabati nichomeke, akalifunga tena. Programu ikagoma, nikaibembeleza, ikakubali. Skrini ikaniambia amri imetumwa.

Taa kimya.

Nikatuma tena. Nikatuma mpaka saa nane mchana. Mzee alisimama nyuma yangu akipumua, akinieleza kwamba Dar es Salaam kuna vijana wangekuwa wameshamaliza.

Ndipo nikaligonga lile kabati kwa kifundo cha kidole, likalia kama debe. Chuma pande zote. Kidude kilikuwa kinapiga kelele ndani ya sanduku na sauti haitoki. Nikamwomba Mzee tufungue nati, tuitoe mashine nje. Akanitazama kana kwamba nimemposa binti yake bila barua.

"Fundi," akasema, "kitu cha thamani hakikai nje."

Mama yake alikuwa amekaa nje tangu asubuhi.

Nadhani ni neno hilo lililonipa ujanja. Nikavaa uso wa kitaalamu, nikamweleza kwamba kipande chenye antena ndicho hasa cha thamani, kifungiwe stoo. Alifurahi mno. Waya wa taa tukaupitisha kwenye tundu la hewa mpaka barazani, juu ya zile ngazi. Rimoti, nikasema, ni sikio la kompyuta. Ikifungiwa haisikii. Lazima ishikwe na mtu asiyetembeatembea. Akamfikiria mkewe, akamkataa, kila siku yuko sokoni. Msichana wa kazi hakufikiriwa hata kidogo. Akampa mama yake, akamwagiza asiichezee.

Nikainama kwa bibi, eti namwonyesha jinsi ya kuishika. Nikamnong'oneza kwamba akimwona mwanawe dirishani anagonga kibodi, naye abonyeze. Saa nyingine zote abonyeze apendavyo.

Mzee akagonga. Taa ikawaka. Akagonga tena, ikazimika. Akanishika bega, akasema serikali ilikosea sana kumwacha mtu kama mimi bila cheo. Nikaipokea sifa hiyo bila kutikisika, na katika yote ya leo ndiyo inayonitia aibu zaidi.

Alipokwenda kuifunga stoo, kufuli mbili, bibi akaniita.

"Sasa mwanangu, kesho mbele ya wageni, nisipojisikia kubonyeza?"

"Basi, bibi, kompyuta itakuwa imeharibika."

Akaifundika rimoti kwenye pindo la kanga, mahali anapoweka ugoro wake.

"Na yeye aonje kuomba," akasema.

Nimealikwa kesho niwaeleze wastaafu jinsi mashine inavyofanya kazi. Nitaeleza. Nitatumia maneno marefu, watatikisa vichwa, na hakuna atakayekubali kwamba hajaelewa. Taa ikichelewa sitaitazama kompyuta.

Siku moja betri za rimoti zitakwisha, na Mzee atatuma mtu kuniita nikatengeneze kompyuta. Nitakwenda na betri mbili mfukoni. Safari hiyo nitaanzia barazani.