Mafuta yenye ilinyeshewa

Bunia, siku ya ine

Niko na miaka makumi saba na tano. Vita ilipita, mafundi wote wenye nilijifunza nao moteri walikufa, miye ningali. Lakini leo binti yangu Zawadi, mwalimu wa kemia, alinishinda.

"Papa, haya mafuta ya moteri ya bei kali ni asidi na alkoli yenye waliunganisha. Njo maana inashika chuma vizuri. Lakini weye uliacha bidoni wazi mu mvua! Maji na moto itaitenganisha, asidi itakula moteri."

Nilikuwa nimeshaitia mu lori ya dereva Bahati, mwenye anaenda Mongbwalu kesho. Nilibisha sana. Halafu nikafikiri: moteri ikikufa njiani, Bahati peke yake mu pori...

Asubui, mbele Bahati awashe moteri, nitamwaga yote mu beseni, nitamwambia kosa ni yangu. Fundi mwingine angenyamaza. Mwenye atabisha aulize Zawadi, yeye njo atashika beseni.