Ombi Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubali. Naandika hapa kabla sijamwambia mtu, ukimtoa Baba Watoto, aliyejifanya anasoma gazeti huku masikio yote yako kwenye simu yangu. Mfuko wa hisani wananitaka niwe mkurugenzi wao. Mimi jamani! Niliyeanza kama matroni wa bweni, kazi yangu kuwanyamazisha wapiga soga. Halafu nikawa mkuu wa chuo cha kwanza, paa linavuja. Chuo cha pili, paa zima ila walimu wamenuniana. Na hiki cha tatu, cha wauguzi na wakunga — miaka tisa sasa. Nilidhani nitastaafia hapa.

Baba Watoto anasema afadhali, nitapata wengine wa kuwaamrisha, yeye apumzike. Ajidanganye tu.

Chuoni hawajui. Barua rasmi ikija nitasema. Anayenitia wasiwasi ni makamu wangu. Miaka saba tumefanya kazi bega kwa bega, mchapakazi, roho safi, lakini hata rangi ya mapazia hachagui mpaka aje kuniuliza. Nikiondoka, nani atamjibu?

Alhamisi, 6 Machi

Mfuko wamenipa kazi ya kunipima. Maombi ishirini ya msaada, niyasome nyumbani. Utaratibu wao nimeupenda: jina la mwombaji, sahihi na mahali alipo vimezibwa kwa wino mweusi, kila ombi ni namba tu. Msomaji anatoa alama kati ya kumi na anaandika maoni, na maoni yanakwenda kwa mwombaji kama yalivyo, bila jina la msomaji.

Mwenyekiti wa bodi ni daktari mstaafu, mwanamke wa maneno machache, kucheka kwake ni kwa nadra. Ameniambia niandike ninachokiona. Nikipaka sukari, simsaidii mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tamu. Miguu juu ya kiti, chai mara nne, maombi mapajani. Namba tatu wanataka kisima — kurasa mbili, nimeelewa kila neno. Nimewapa tisa.

Namba kumi na saba ndiyo imenitoa jasho. Kurasa tisa! “Kuimarisha mazingira wezeshi na jumuishi kwa walengwa wenye majukumu mtambuka.” Nikamsomea Baba Watoto. Akauliza, huyo anauza mashine? Nimerudia mara tatu, sijaona wanachoomba. Nimewapa mbili. Na maoni haya, nayanakili hapa kwa sababu nimeyapenda: “Nimesoma kurasa tisa na bado sijui mnataka nini. Aliyeandika anatafuta sifa, si msaada. Na mkuu wake aliyetia sahihi hakusoma.”

Ile sentensi ya mwisho nimeisoma kwa sauti mara mbili. Kumbe nina kalamu kali.

Jumanne, 11 Machi

Maombi nimeyarudisha jana. Leo — sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimemkuta mwanafunzi wa mwaka wa pili nje ya darasa, mtoto mgongoni analia, yeye amebandika daftari ukutani anaandika anachokisikia kupitia dirisha. Nikamwambia nipe huyo, ingia ndani. Nimekaa na mtoto saa nzima ofisini. Amenitapikia blauzi, tumekuwa marafiki. Mwaka jana wanne kama yule waliacha masomo, maana hawana wa kuwaachia watoto.

Nikamwita makamu. Nikamuuliza lile wazo letu la chumba cha watoto limefikia wapi. Akatabasamu. Alishaliombea msaada tangu Januari, kwenye Mfuko, na sahihi niliweka mwenyewe siku ya mahafali, kwenye lile rundo la karatasi. “Nimeandika kwa lugha yako, mama,” akasema. “Ile ya hotuba. Kurasa tisa.”

Nilikaa chini. Walengwa wenye majukumu mtambuka ni yule binti wa dirishani! Na maneno yale kweli ni yangu. Niliyasema mbele ya kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Sasa hicho chumba nimekiua kwa mkono wangu, na makamu amesimama pale anafurahi. Sikumwambia. Nimeona aibu.

Jumatano, 12 Machi

Baba Watoto hakunibembeleza. Anasema ukinyamaza, chumba kimekufa; ukisema, labda kazi mpya imekufa. Yeye atanipenda hata nikirudi kuwa matroni.

Nimempigia Mwenyekiti, nimemwaga yote. Akacheka — yule mama akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza, akawa daktari tena. Alama haibadiliki kwa sababu ya aliyeandika. Ila kila aliyepata chini ya tano anaruhusiwa kuandika upya, ukurasa mmoja tu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Atausoma mtu mwingine. Ukweli nimwambie makamu, lakini nisiguse kazi yake. Si kalamu, si ushauri. Nikigusa, ombi linatoka na mimi natoka.

Barua za maoni zimetoka leo.

Alhamisi, 13 Machi

Makamu ameingia bila kubisha hodi. Hajawahi. Barua mkononi, amefura kwa hasira. Huyu msomaji hajui kazi, anasema, hata mlango wa chuo haujui. Nikamwambia anaujua. Hakunisikia. Yeye kuitwa mtafuta sifa amesamehe. Kinachomuuma ni hapo waliposema mkuu hakusoma. Ameshaandika majibu ya kunitetea, kurasa nne.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwambia akae, nikasema yote kwa pumzi moja: naondoka, maoni ni yangu, na ni kweli sikusoma. Nikamwomba radhi.

Akaigeuza ile barua, akaitafuta alama. “Mbili, mama? Hata tatu hukunipa?”

Tulicheka mpaka machozi, na yangu hayakuwa ya kicheko yote. Kisha akavuta karatasi nyeupe, akaniuliza aanze vipi. Nikaona mdomo wangu unafunguka wenyewe. Nimechukua daftari hili nikatoka, nimemwachia meza, kiti, kila kitu. Naandika nikiwa kwenye benchi la wageni, nje ya ofisi yangu mwenyewe. Wanafunzi wanapita wananisalimia kwa wasiwasi.

Dakika ishirini. Amefungua mlango. Amepata mstari wa kwanza, anisomee? Nimekataa. Amesimama pale pale akausoma hata hivyo, kama anajisomea mwenyewe: “Tunaomba chumba kimoja, watoto walale wakati mama zao wanasoma.”

Nimeng'ata kalamu. Amengoja sura yangu imwambie kitu, haikumwambia, akatazama tena karatasi yake. Mlango ameufunga mwenyewe.